Kupanga ni Kuhakiki: Mwanafunzi wa Fasihi katika Kurasa za Wiki

Utangulizi

Mwambie mwanafunzi wa fasihi aandike ukurasa wa wiki, atakujibu kwamba hiyo ni kazi ya watu wa kompyuta. Sisi wa fasihi, eti, kazi yetu ni kuhakiki. Mambo ya kupanga kurasa, kuweka viungo na kuchagua vichwa vya habari tuwaachie makarani. Makala haya yanakusudia kuipinga fikra hiyo. Tutajaribu kuonyesha kwamba kila hatua ya kuandika na kupanga ukurasa wa wiki ni uamuzi wa kihakiki, na kwamba anayedhani anapanga tu huwa anahakiki bila kujijua. Huyo ndiye mhakiki wa hatari kuliko wote.

Ili tusielee hewani, tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: Utendi wa Mwana Kupona. Tufanye kwamba tumekaa mbele ya kompyuta, tumefungua Wikipedia ya Kiswahili, na tunataka kuuandikia utendi huu ukurasa upya kabisa. Tumeuchagua kwa sababu wengi wetu tumeusoma, tumegombana juu yake darasani, na kila mtu ana lake la kusema. Tutaona kwamba ugomvi ule wa darasani unarudi kwenye ukurasa, ila unarudi kwa mlango wa nyuma.

Wiki ni kitu gani?

Wiki ni mkusanyo wa kurasa za mtandao ambazo msomaji anaweza kuzihariri palepale anapozisoma. Ya kwanza ilitengenezwa na Ward Cunningham, mtaalamu wa programu wa Marekani, naye aliifungua tarehe 25 Machi 1995. Jina alilichukua katika lugha ya Hawaii, ambamo neno hilo lina maana ya haraka. Alikumbuka mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yaliyoitwa Wiki Wiki. Kwa hiyo halina undugu wowote na wiki yetu ya siku saba. Wikipedia ya Kiingereza ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Hii ya kwetu hujiita kamusi elezo huru, na sasa imepita makala 80,000.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, jambo hili si geni kama linavyoonekana. Tumefundishwa kwamba katika ngano kuna fanani na hadhira, na kwamba hadhira haikai kimya: huitikia, husahihisha, na kesho mmoja wao huisimulia ngano ileile kwa namna yake. Katika wiki mpaka kati ya fanani na hadhira umeondolewa kabisa. Anayesoma sasa hivi ndiye mwandishi wa dakika tano zijazo. Tofauti ni kwamba ngano ya jana usiku imepita na upepo, ilhali wiki huhifadhi kila usimulizi. Tutalirudia jambo hili baadaye.

Kila ukurasa una milango mitatu ambayo msomaji wa kawaida haigusi. Wa kwanza ni wa kuhariri, unaokupeleka kwenye maandishi yenyewe. Wa pili ni wa majadiliano, ambako wahariri huzungumza juu ya ukurasa. Wa tatu ni wa historia, unaoonyesha nani aligeuza nini na lini. Mwenye kuisoma makala bila kufungua mlango wa pili na wa tatu ni sawa na aliyetazama tamthilia akaondoka kabla ya onyesho la mwisho.

Jina la ukurasa

Hatua ya kwanza ni kuchagua jina, na hapo hapo tunakwama. Tuandike utendi au utenzi? Watu wa Lamu na Pate husema utendi. Kiunguja kikasema utenzi, na kwa kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, vitabu vingi vya shule vimefuata utenzi. Ukurasa mmoja hauwezi kuwa na majina mawili. Inabidi moja likae juu, na lingine lifanywe ukurasa wa kuelekeza, yaani anayeliandika anapelekwa moja kwa moja kwenye lile la kwanza.

Mtu atasema, si herufi moja tu jamani? Hapana, si herufi tu. Ukiliweka utenzi juu umemnyang'anya Mwana Kupona lahaja yake. Ukiliweka utendi umemsumbua mwanafunzi wa sekondari aliyezoea neno la kitabuni. Kanuni ya wiki ni kwamba kichwa kiwe jina ambalo kazi inajulikana nalo zaidi na ambalo wasomaji watalitafuta. Kwa maoni yetu, ukurasa wa kazi hii uitwe Utendi wa Mwana Kupona, kwa sababu wataalamu wengi wameitaja hivyo, na ukurasa wa utanzu mzima uitwe Utenzi. Kila mmoja umtaje mwenzake, na majina mengine yote yaelekezwe. Asitokee msomaji akaandika neno lake halali la Kiswahili akaambiwa hakuna kitu.

Kuna swali lingine lililojificha nyuma ya hilo: je, mtunzi na utendi wake wawe na ukurasa mmoja au kurasa mbili? Yanayojulikana kwa uhakika juu ya maisha ya Mwana Kupona binti Mshamu si mengi. Alikuwa wa kisiwa cha Pate, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepingana na utawala wa Sultani wa Zanzibar. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima, wosia huo mnamo mwaka 1858. Mwandishi mwenye haraka atasema ukurasa mmoja unatosha. Lakini tazama matokeo yake: jina la mtunzi litakuwa njia tu ya kufikia shairi, na pengine kesho mwingine ataandika ukurasa wa Bwana Mataka, mama huyu awe mstari mmoja ndani yake, yaani mke wa fulani. Akipewa ukurasa wake, hata ukiwa mfupi, anahesabiwa kuwa mtunzi. Hilo halikuandikwa na mhakiki yeyote katika aya yoyote. Limefanywa na mpangilio.

Aya ya kwanza na sehemu zake

Sasa tuandike. Sisi wanafunzi tuna ugonjwa wetu: tukipewa karatasi nyeupe tunaanza na kusema kwamba tangu kale fasihi imekuwa kioo cha jamii. Katika wiki mwanzo wa namna hiyo hufutwa na mtu wa kwanza anayepita, na hana kosa. Sentensi ya kwanza inatakiwa ieleze kitu hicho ni nini, cha nani, cha lini na cha wapi. Kwa mfano: Utendi wa Mwana Kupona ni shairi refu la Kiswahili lililotungwa mnamo mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, likiwa wosia kwa binti yake. Msomaji akiishia hapo, tayari ameondoka na kitu.

Baada ya utangulizi zifuate sehemu, kila moja na kichwa chake kidogo. Kichwa hicho huandikwa kati ya alama mbili za sawasawa upande huu na mbili upande ule. Programu yenyewe hutengeneza orodha ya yaliyomo. Ufundi wake ni dakika kumi kuujua. Kazi iko kwenye kuchagua sehemu zenyewe.

Wengi wetu tutaweka kichwa cha Fani, halafu cha Maudhui, kwa sababu ndivyo tulivyozoea katika mitihani. Lakini tukumbuke mjadala wa siku zote: wapo wanaosema fani na maudhui ni kama kikombe na chai, vinaweza kutenganishwa, na wapo wanaosema ni pande mbili za sarafu moja. Ukiweka vichwa viwili umeshachagua kikombe na chai! Umbo la utenzi ni vipande vinne vya mizani minane kila kimoja, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachorudi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Je, jambo hilo ni la fani peke yake? Wosia unaorudi kwenye kina kilekile kila mara ni wosia unaokusudiwa kukaririwa na kukumbukwa. Sehemu moja inayoitwa Umbo na ujumbe ingefaa zaidi. Asiyekubaliana nasi ana ukurasa wa majadiliano, aje tuzungumze.

Sehemu nyingine zinazohitajika ni mazingira ya Siyu ya wakati ule, muhtasari wa wosia, na matoleo, kwa maana ya jinsi utendi ulivyochapishwa, kama lile la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934. Ukurasa ukirefuka mno hadi sehemu moja inameza nyingine, sehemu hiyo ikatwe iwe ukurasa wake, na mahali pake yabaki maelezo mafupi na kiungo.

Haya ni maoni ya nani?

Tumefika penye moto. Darasani mmoja wetu husimama akasema: utendi huu unamkandamiza mwanamke. Mwingine hujibu kwamba mama huyu alikuwa akimpa binti yake silaha za kuishi katika dunia asiyoitawala. Hoja zote mbili tunazijua, na huenda tumepata alama nzuri kwa mojawapo. Lakini ukiandika sentensi ya kwanza katika wiki kama ilivyo, haitakaa. Wikipedia ina kanuni tatu ambazo ni nguzo zake: mwandishi asiegemee upande, kila jambo liweze kuthibitishwa katika chanzo kilichochapishwa, na pasiwe na utafiti mpya wa mwandishi mwenyewe. Swali utakaloulizwa ni moja tu: nani kasema?

Mwanafunzi wa uhakiki hulichukia swali hili. Tumefundishwa kuwa na msimamo, leo tunaambiwa tuuache mlangoni! Tukitulia tutaona kwamba msimamo haujaachwa popote. Umehama tu kutoka kwenye sentensi ukaingia kwenye mpangilio. Ukiandika kwamba wapo waliousoma utendi huu kama mafunzo ya utii, na kwamba Ann Biersteker katika insha yake ya mwaka 1991 alitaka usomaji huo uangaliwe upya, hujaegemea upande. Lakini nani ametangulia? Nani amepewa aya tatu na nani sentensi moja? Nani yumo katika utangulizi na nani kasukumwa chini karibu na marejeo? Hayo yote ni maamuzi, na ni ya kwako.

Kuna jambo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tukiulizwa nani kasema, mara nyingi jibu letu ni chapisho la Kiingereza. Mabishano yetu ya Kiswahili, pengine makali kuliko yale ya vitabuni, yanafia kwenye chumba cha semina. Mengine yako katika insha zilizosahihishwa kwa wino mwekundu zikarudishwa, na sasa ziko chini ya kitanda bwenini. Wiki haiwezi kuyachukua kwa kuwa hayakuchapishwa. Matokeo yake, ukurasa wa Kiswahili juu ya utendi wa Kiswahili unajengwa kwa maoni yaliyotolewa kwa lugha nyingine, nasi tunabaki kuwa watafsiri wa mambo ya nyumbani kwetu. Kosa si la wiki. Ni sisi ambao hatujaandika cha kunukuliwa. Jarida kama hili, likiwa na tarehe, ukurasa na jina la mwandishi, linaweza kuwa chanzo. Insha iliyo chini ya kitanda haiwezi.

Viungo, jamii na kurasa yatima

Ukurasa uliokamilika lakini usiounganishwa na mwingine huitwa yatima. Upo, ila hakuna njia ya kuufikia isipokuwa kwa anayelijua jina lake tayari. Kwa hiyo ukishaandika wako, kazi haijaisha. Nenda kwenye ukurasa wa Lamu, wa Pate, wa Utenzi, wa Fasihi ya Kiswahili, na pale palipo na sababu utaje utendi huu kwa kiungo. Kiungo huwekwa kwa mabano mawili ya mraba kila upande. Usiunganishe kila neno, maana ukurasa uliojaa viungo ni kama kitabu kilichopigiwa mstari kila sentensi: humwongozi mtu popote.

Ukiunganisha jina la ukurasa ambao haujaandikwa, kiungo huonekana chekundu. Katika wiki ya Cunningham ilikuwa alama ya kuuliza. Wengine huviona viungo vyekundu kama aibu wakavifuta. Sisi tunaona vinafaa kuachwa, kwa sababu ni orodha ya madeni yetu. Ukurasa wenye wino mwekundu kwa Siyu, kwa Bwana Mataka na kwa wanakili wa Lamu unamwambia msomaji wapi pa kuanzia.

Halafu kuna jamii. Katika lugha ya wiki, jamii ni kundi ambalo ukurasa umewekwa ndani yake, na jamii ndogo huingia katika kubwa kama matawi katika shina. Tumweke wapi Mwana Kupona? Washairi wa Kenya? Mwaka 1858 hapakuwa na nchi ya Kenya. Lakini Pate leo iko katika Kaunti ya Lamu, na mtoto wa shule wa Kenya ana haki ya kumkuta miongoni mwa washairi wa nchi yake. Tumweke katika wanawake wa Kenya peke yake? Basi anayepitia washairi hatamwona, na tutakuwa tumefanya kilekile tunachowalaumu wengine, cha kumtenga mtunzi wa kike kwenye chumba chake. Nafuu ni kwamba ukurasa unaweza kuwa katika jamii kadhaa. Awe miongoni mwa washairi wa Kiswahili kwanza, kisha wa Kenya, na kisha katika nyingine zinazomhusu. Rafu ya maktaba haikubali kitabu kimoja kikae mahali pengi. Wiki inakubali, basi tuitumie nafasi hiyo.

Tuseme pia juu ya makala fupi, zinazoitwa mbegu. Wikipedia yetu ina mbegu nyingi sana, kwa mfano za kata za Tanzania, zenye mistari miwili mitatu. Mbegu si kosa. Mistari mitatu sahihi, yenye chanzo na jamii, ni msingi ambao mwingine ataujenga. Kosa ni kurasa ndefu zilizotolewa na mashine ya kutafsiri na kubandikwa bila kusomwa. Katika Kiingereza neno moja hubeba tamthilia na mchezo wa mpira pia. Mashine ikichagua vibaya, mwandishi wa tamthilia anakuwa mchezaji, na hadhira yake inakuwa mashabiki. Makala ya namna hiyo hupandisha idadi, hushusha lugha.

Historia ya ukurasa na wanakili wa zamani

Tulisema tutairudia historia. Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu na zikasambaa kwa kunakiliwa kwa mkono. Nakala hutofautiana: ubeti umeongezwa hapa, neno limegeuzwa pale. Baadhi ya wanakili tunawajua, kama Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye aliwanakilia watafiti kama Werner na Hichens. Wengi hatuwajui kabisa. Tunaona mkono wao ndani ya beti, hatujui ni nani, wala kwa nini waligeuza.

Hapo ndipo wiki inapotushinda sote kwa uaminifu. Kila badiliko lina tarehe, saa, na jina la mtumiaji au alama nyingine ya kumtambulisha. Chini ya ukurasa wa kuhariri kuna nafasi ya kueleza kwa ufupi umefanya nini. Wengi huiacha wazi. Usiiache! Andika: nimesahihisha mwaka, nimeongeza chanzo, nimehamisha sehemu. Hayo ndiyo maneno ambayo tungetamani mnakili wa Pate angetuachia pembeni mwa karatasi.

Historia pia ndiyo inayoondoa hofu. Ukiharibu, toleo la awali lipo, linarudishwa. Na wewe ukirudishiwa lako, usikimbilie kulirudisha tena na tena kama watoto wanaovutana kamba. Nenda kwenye majadiliano, weka hoja na chanzo chako, ngoja jibu. Mwingine atauliza: na jina langu je? Kweli, halikai juu ya ukurasa. Linakaa katika historia, na leseni ya Wikipedia inamtaka anayeyatumia maandishi hayo popote ataje yalikotoka. Kwa kijana anayetafuta sifa ni kidogo. Kwa mnakili wa karne ya kumi na tisa ingekuwa mengi sana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba jina la ukurasa, mgawanyo wa sehemu, nafasi ya kila maoni, viungo na jamii ni mambo ya uhakiki. Yakiachiwa watu wasioijua fasihi ya Kiswahili, yatapangwa hata hivyo, na sisi tutakuja kuusoma mpangilio huo kama ukweli uliotoka mbinguni.

Pendekezo letu ni dogo. Kila kundi la semina lichukue kazi moja inayosomwa muhula huu na kuiandalia ukurasa: jina na maelekezo yake, sentensi ya kwanza, sehemu, vyanzo, viungo vya kuingia na kutoka, jamii. Walimu wetu wanaweza kuifanya sehemu ya kazi za darasa, na kusahihisha kwa kuifungua historia waone nani alifanya nini. Na zile insha zilizoko chini ya vitanda, tuzitoe vumbi, tuzikaze hoja, tuzilete hapa jaridani. Mtu akija kuuliza nani kasema, awepo wa kutajwa kwa Kiswahili.